Magari manne kutoka Köln hadi Oberjoch

Tulikuwa watu wanane, wawiliwawili katika magari manne. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi wa magari na anaishi Köln, Ujerumani; alikuja na mwenzake kwa Porsche Cayman yake mwenyewe, ya gia za mkono. Rafiki zetu wawili, wenyeji wa Mombasa wanaofanya kazi Uholanzi, walikuja na Mazda MX-5. Dada mmoja muuguzi na mumewe walikodi BMW Z4. Mimi na mke wangu tulikodi Porsche 911, na usiku wa kuamkia safari sikupata usingizi. Nimekulia Tanga. Gari la namna ile nilikuwa nikiliona kwenye kalenda zilizotundikwa gereji, na sasa ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu.

Asubuhi ya Jumamosi shemeji alitupanga kwenye maegesho, akagawa redio za upepo, moja kwa kila gari, kisha akasema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo.

"Wageni wengi wanadhani spidi ya huku inatoka mguuni. Inatoka kwenye kioo. Kioo kwanza, halafu indiketa, halafu tazama tena kioo, ndipo uhame. Shemeji, umenisikia?"

"Nimekusikia, shemeji."

Akaongeza mengine. Njia ya kushoto ni ya kupita tu. Ukishampita mwenzio unarudi kulia. Kumpita mtu kwa upande wa kulia kwenye barabara kuu ni kosa. Kuishiwa mafuta humo nalo ni kosa, kwa sababu aliyeegesha pembeni bila sababu ya lazima anahatarisha maisha ya watu. Kwa hiyo tukajaza matangi kabla ya kutoka mjini. Nilipokuwa nalipa nikakumbuka kwamba hata hili neno letu "hela" tulilitoa kwa Wajerumani, kwenye sarafu yao ya Heller iliyotumika kwetu wakati wa ukoloni wao.

Kutoka Köln hadi milima ya Eifel ni mwendo mfupi. Pale, msituni, chini ya magofu ya ngome ya Nürburg, ndipo ilipo Nordschleife, barabara ya mashindano yenye urefu wa kilomita 20.8, iliyofunguliwa mwaka 1927. Jackie Stewart, dereva wa mashindano, aliibatiza Jehanamu ya Kijani. Tarehe 1 Agosti 1976 dereva mwingine, Niki Lauda, alipata ajali humo, gari likashika moto, na tangu hapo mashindano ya Formula 1 hayakurudi tena kwenye mzunguko ule mrefu. Siku zisizo na mashindano wala majaribio ya viwanda, mtu yeyote mwenye leseni na gari linaloruhusiwa barabarani anaweza kulipia na kuingia. Sheria zinabaki kuwa za barabara ya kawaida. Hakuna anayepimiwa muda, na ukigonga chuma cha pembeni, matengenezo unalipa wewe.

Magari ya kukodi kama letu mikataba yake ilikataza kabisa kuingizwa humo, na sisi tuliheshimu hilo. Likabaki gari la shemeji. Akatuchukua mmoja mmoja.

Zamu yangu ilipofika, wingu lilikuwa limekaa juu ya msitu. Lango likafunguka, na kabla sijamaliza kukaa sawa barabara ikaanza kushuka na kupinda. Picha hazionyeshi jinsi ile barabara inavyopanda na kushuka. Kwenye sehemu iitwayo Fuchsröhre unateremka kama jiwe linalotupwa kisimani, kisha chini kabisa gari linakandamizwa, shingo inazama mabegani, na papo hapo unaanza kupanda tena. Lami yote imeandikwa majina kwa rangi, kazi ya mashabiki. Upande mmoja palikuwa pakavu. Kilomita chache mbele mvua ilikuwa imenyesha na lami inameremeta. Shemeji alipunguza mwendo kabla sijauona huo mmeremeto.

Nilichokitazama zaidi ni macho yake. Kila baada ya kona yalikwenda kwenye kioo. Akiona taa nyuma, anawasha indiketa ya kulia, anakaa kulia, anamwachia mwenye haraka apite. Hakuona kwamba amedharauliwa. Tukaingia Karussell, ile kona ya zege iliyolazwa kama ukuta wa bakuli, magurudumu yakigonga maungio ya zege meno yakitikisika, na alipotoka juu alicheka kwa furaha kama mtoto aliyeteleza kwenye mchanga. Mzunguko wote haukufika robo saa. Tuliposimama aliacha feni zipoze injini, akatembea kulizunguka gari, akigusa kila tairi kwa kiganja. Breki zilinuka. Nilimpa mkono na sikupata la kusema.

Usiku tulilala Adenau, tukala kwa Mturuki mmoja, watu wote wanane wakizungumza kwa wakati mmoja.

Jumapili ndiyo siku nzuri ya barabara kuu, kwa sababu malori makubwa, isipokuwa yenye ruhusa maalumu, hayaruhusiwi kutembea mchana kutwa mpaka saa nne usiku. Asubuhi tulifuata mto Mosel, mashamba ya mizabibu yakiwa yamesimama wima hata unajiuliza wavunaji wanashika wapi. Tukapanda milima ya Hunsrück, tukaingia barabara kuu ya A61.

Kuna alama moja ambayo kila dereva anayekwenda Ujerumani anaisubiri: duara jeupe lililokatwa na mistari myeusi ya mshazari. Maana yake vizuizi vya mwendo vimeishia hapo. Kinachobaki ni ushauri wa kilomita 130 kwa saa, ambao si amri, ila ukipata ajali ukiwa juu yake sheria inaweza kukuhesabia sehemu ya lawama. Nilipoiona alama ile nilikuwa nyuma ya gari la familia lililokuwa likivuta nyumba ya magurudumu. Nikawasha indiketa na kuhama kushoto kwa mara moja. Nikasikia redio.

"Kioo, shemeji! Kioo! Rudi!"

Nilitazama. Taa ambazo sekunde mbili kabla zilikuwa nukta sasa zilijaa kioo chote. Nikarudi kulia, na gari lile likapita kwa kishindo cha upepo kilicholitikisa letu. Mke wangu alishika mkono wa mlango na hakunena kitu. Aliyekuwa na makosa ni mimi. Yule mtu alikuwa na haki ya mwendo wake, na maisha yake, yangu na ya mke wangu yalitegemea mimi kugeuza macho kwa nusu sekunde.

Baadaye, barabara ilipokuwa tupu, nilifika 210. Nitasema kweli: raha yake ipo, ila ni raha ya kazi. Huongei, huangalii mandhari, mikono inahisi kila jambo la barabara. Baada ya dakika chache nilirudi 130 na gari likawa kama limesimama.

Alasiri tukasimama mji wa Wiesloch, mbele ya duka la dawa, na hapa mke wangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara maana alikuwa amelisoma jambo hili kwa muda mrefu. Agosti 1888, Bertha Benz alichukua gari la mumewe Carl, mvumbuzi wa gari hilo, bila kumwambia, akawapakia wanawe wawili wa kiume, akaondoka Mannheim kwenda kwao Pforzheim kumwona mama yake. Zaidi ya kilomita mia moja, wakati hakuna mtu aliyewahi kusafiri umbali kama huo kwa gari la injini. Mafuta yalipopungua aliyanunua hapa Wiesloch, kwenye duka la dawa, kimiminika cha kusafishia madoa kiitwacho ligroin. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki zilipoisha, fundi viatu alizibandika ngozi. Kwenye milima watoto walisukuma, na aliporudi akamwambia mumewe gari linahitaji gia ya kupandia.

Mke wangu alisikiliza shemeji na yule ndugu wa Mombasa wakibishana kuhusu ile ligroin, halafu akanyoosha mkono kwangu.

"Nipe ufunguo. Kutoka hapa mpaka Pforzheim naendesha mimi."

Aliendesha vizuri kuliko mimi. Tulipita barabara za vijijini, vioo vimeshushwa, harusi moja ya magari manne bila bibi harusi, kama alivyosema dada muuguzi kwenye redio.

Jumatatu tulivuka milima hadi bonde la mto Murg, na nikaomba tusimame Gaggenau. Wenzangu hawakuelewa kwa nini. Ni mji mdogo wa viwanda. Lakini gari la kwanza kuvuka Afrika kutoka pwani hadi pwani lilitengenezwa hapa. Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani, aliondoka nalo Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, siku 630. Mwaka aliouanza safari hiyo watu wa kusini kwetu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kwenye Vita vya Maji Maji, vijiji vimechomwa na njaa imetanda. Hapakuwa na barabara wala sheli. Mafuta yalitangulizwa kwenye vituo vya njiani kwa migongo ya wapagazi. Jina la aliyeshika usukani ninalijua. Majina ya waliobeba mafuta nimeyatafuta, sijayaona. Nilisimama kando ya mto nikiwafikiria, kisha nikasoma Fatiha kimyakimya. Ndugu wa Mombasa aliniona, akaja akasimama karibu yangu, naye akanyanyua mikono.

Barabara ya B500, kutoka Baden-Baden hadi Freudenstadt, inapita juu ya mgongo wa Msitu Mweusi kwa kilomita kama 60. Mipaka ya mwendo ipo na hapo inafaa, kwa kuwa kona zenyewe zinatosha. Tulikunywa chai kando ya ziwa dogo la Mummelsee, maji meusi kabisa. Jumanne ilikwisha ndani ya makumbusho mawili ya Stuttgart, nami sitayaeleza, kwa sababu gari lililosimama halinisisimui.

Jumatano, kwenye A8 tukielekea Ulm, magari yote yalisimama ghafla. Kabla sijajua la kufanya, waliokuwa njia ya kushoto walikuwa wameshasogea kushoto kabisa, na wengine wote kulia, hata katikati pakabaki uchochoro mtupu unaonyooka mpaka mbali. Hakuna askari aliyeelekeza. Likapita gari la wagonjwa, la zimamoto, la wagonjwa tena, bila kupunguza mwendo. Dada muuguzi alisema kwenye redio, sauti imebadilika, "Kwetu nimepokea watu waliokufa kwa kuchelewa kwenye foleni." Hakuna aliyejibu. Tulikaa karibu saa moja.

Jioni tulifika Oberjoch, kwenye milima ya Allgäu. Kutoka pale barabara inateremka hadi Bad Hindelang kwa kona zilizokunjana kama utumbo, ng'ombe wenye kengele pembeni. Tulishuka taratibu, shemeji mbele. Chini kabisa akasimama, akashuka, akaja dirishani kwangu.

"Tupande tena. Sasa tangulia wewe."

Nikageuza. Kabla ya kona ya kwanza nilitazama kioo: taa sita, zote zetu.