Siku Moja Maishani Mwangu: Graniti ya Mubende na Basalti ya Kisoro

Saa moja na nusu asubuhi ninafungua maabara hapa Entebbe, ambako kazi yangu ni kukata na kusaga mawe hadi yapenyeze mwanga, ili wanajiolojia wayachunguze kwa hadubini. Leo mezani pana sampuli mbili: graniti kutoka Mubende, na basalti iliyookotwa Kisoro, chini ya mlima Muhabura. Zote ni miamba ya moto, yaani zilianza zikiwa magma, mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi.

Saa mbili anafika mwanafunzi aliye kwetu kwa mafunzo ya kazi. Anazipima kwa mikono, kisha ananiambia, "Mzee, nyeusi ni basalti, nyeupe ni graniti. Tumemaliza." Ninampa lenzi. Rangi si shahidi wa kutegemewa peke yake, kwa kuwa gabro nayo ni nyeusi na kemia yake ni ileile ya basalti, ila yenyewe iligandia chini ya ardhi. Ninataka aanze na ukubwa wa fuwele. Graniti ilipoa polepole mno, kilomita kadhaa chini, ikapata muda wa kukuza fuwele zinazoonekana kwa macho matupu: kwatzi ya kijivu, felspa nyeupe au ya waridi, na ulanga unaometameta. Basalti ilimwagika juu ya ardhi ikiwa lava na kupoa upesi, ndiyo maana fuwele zake nyingi hazionekani bila hadubini, na vishimo vilivyotapakaa ndani yake ni alama za gesi iliyokuwa ikitoka.

Saa nne ni zamu ya msumeno wa almasi, maji na kelele, hapo hatuzungumzi.

Kuanzia saa tano ninasaga vipande nilivyovigandisha jana kwenye vioo, hadi unene ubaki milimita 0.03. Graniti inanirahisishia kazi, kwa sababu kwatzi ikifikia unene huo huonekana ya kijivu kati ya vichujio viwili vya hadubini. Ikiwa bado na manjano, ninaendelea kusaga. Basalti hii haina kwatzi, na isiposagwa vya kutosha hubaki giza tupu. Mimi huiona kuwa ndiyo inayopima ufundi wa mtu.

Baada ya chakula, saa nane, tunakaa kwenye hadubini. Katika basalti, madini ya olivini yanawaka rangi kali katikati ya fuwele ndogondogo, na madini ya pairoksini yamejaa kila upande. Ninamweleza kijana kwamba haya ni maswali mawili yasiyopaswa kuchanganywa: ukubwa wa fuwele husema mwamba uligandia wapi, ilhali madini husema magma ilikuwa ya namna gani. Magma ya graniti huwa na silika nyingi (mchanganyiko wa silikoni na oksijeni), kwa kawaida karibu asilimia 70 au zaidi, nayo ni nzito kutiririka. Ya basalti huwa na asilimia 45 hadi 52, ina chuma na magnesi kwa wingi, na hutiririka mbali. Lava za namna hiyo ndizo zilizoziba bonde likawa ziwa Mutanda.

Saa tisa na nusu tunapima uzito hewani na majini, ili tupate msongamano wa kila jiwe. Graniti huwa karibu gramu 2.65 kwa sentimita moja ya ujazo, basalti hufikia 2.9 au 3.0, mradi uchague kipande kisicho na vishimo.

Saa kumi, nikiandika ripoti, kijana anauliza kama mawe meusi ya Rwenzori nayo ni basalti. Mlima huo wa mita 5,109 si volkeno kama Muhabura au Elgon. Ni miamba ya kale iliyoinuliwa na nyufa za Bonde la Ufa. Ninamtolea kabatini kipande cha amfiboliti ya huko, mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo: cheusi, kizito, hakina kishimo hata kimoja cha gesi, na fuwele zake zimelala upande mmoja kwa kubanwa.