Kadi ya grafiki baadaye: nilivyopanga kompyuta ya kuediti harusi kwa milioni moja na laki mbili

Mama mmoja wa Naliendele, mama wa bibi harusi, alinipigia simu miezi minne baada ya sherehe ya binti yake. Hakugomba. Aliniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, hiyo video unataka tuje tuitazame kwenye arobaini ya mjukuu?" Nikacheka, nikamwomba radhi. Simu ilipokatika nikaigeukia kompyuta yangu. Ilikuwa imeganda palepale nilipoiacha, dakika ya kumi na nne, bibi harusi anatolewa nje, mguu mmoja hewani.

Naishi Chikongola, hapa Mtwara mjini. Napiga harusi, sendofu, hitma, na msimu wa jando na unyago naitwa mpaka Nanyamba kupiga yale ya hadharani. Ya ndani si ya kamera. Minada ya korosho ikianza na watu wakishika pesa, ndoa hufungwa kwa mfululizo, nami hurudi nyumbani na kadi za kamera mfukoni kama karanga. Kupiga sishindwi. Kuediti ndiko kulikokuwa kunaniumbua.

Kosa langu la kwanza niliambiwa na mtu mwingine, nami nikalinunua. Muuzaji mmoja aliniambia kwamba kwenye video kadi ya grafiki, ile ya kuchakata picha, ndiyo kila kitu. Basi nikaagiza kadi kabla sijajua itaingia wapi. Kompyuta yangu ilikuwa lile boksi jembamba la ofisini linalolazwa chini ya monita, prosesa yake, yaani ubongo wake, i5-4570. Kadi ilipofika ilikuwa pana kuliko boksi. Fundi akaikatia nafasi ya muda, mfuniko ukabaki wazi, ndipo tukagundua kwamba kadi inataka waya wa umeme wa pini sita na ile pawa saplai haina waya huo. "Dada, hii ni kumvisha mtoto koti la babu yake," fundi akasema. Nikaiuza kwa hasara kwa kijana wa Magomeni anayechezea geme za mpira.

Hasara hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini nijiulize, hivi kompyuta inakwama wapi hasa? Nilidhani ni diski. Nikapiga hesabu. Kamera yangu inarekodi 4K, video ya picha kali, kwa megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 12.5. Hata diski ngumu ya kawaida inasoma zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Kwa hiyo kwa klipu moja diski haikuwa na kesi.

Kesi ilikuwa kwenye namna video inavyobanwa. Chukua mcheza sindimba. Kamera haihifadhi kila picha yake nzima nzima. Inahifadhi moja nzima, halafu kwa zinazofuata inaandika kilichobadilika tu: kiuno kimesogea, mkono umepanda, vumbi limetimka. Ndiyo maana faili linakuwa dogo. Lakini ukitaka kusimama kwenye picha ya kumi na mbili ili ukate hapo, kompyuta lazima irudi kwenye ile nzima, ijumlishe mabadiliko yote, ndipo ikuoneshe. Wewe unavuta kipanya mbele na nyuma, yenyewe inajumlisha. Wageni nao wananitumia klipu za simu zilizobanwa kwa H.265, ambao ni mbano mkali zaidi, na ile i5-4570 haina kifaa cha kuufungua. Inafanya kwa nguvu za mwili, kama kubangua korosho kwa jiwe.

Prosesa nyingi za Intel zina sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video, inaitwa Quick Sync, na imo ndani ya ile grafiki ya kuzaliwa nayo. Kuanzia kizazi cha 7 inafungua H.265 hata ya biti 10. Nikachagua cha 8 kwa sababu mbili: hapo ndipo i5 za mezani zilipotoka viini vinne vya kufanyia kazi zikawa na sita, na hapo ndipo orodha rasmi ya Windows 11 inapoanzia. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa Oktoba 2025, kwa hiyo kununua cha 6 au cha 7 kwa sababu ni rahisi ni kununua kesho tena. Kizazi unakisoma kwenye jina: i5-8500 ni cha 8, i5-4570 ni cha 4. Na ukiona herufi F mwishoni, mfano i5-9400F, jua haina grafiki ya ndani, na Quick Sync haipo. Wauzaji wengi hawakwambii hilo, wengine hawalijui.

Tahadhari moja: ukirekodi kwa 4:2:2 ya biti 10, mfumo unaotunza rangi nyingi zaidi, prosesa hizi haziifungui kwa kifaa. Mimi napiga 4:2:0, basi. Halafu, mambo haya yanategemea programu. Natumia Premiere Pro, ambayo inaitumia Quick Sync (nailipia kila mwezi na kila mwezi nanung'unika). Kama wewe ni mtu wa DaVinci Resolve, hiyo inaegemea sana kadi, na bajeti yako itapangika vingine.

Nikaagiza Kariakoo Dell OptiPlex 7060 ya mtumba, ile ya kusimama, si nyembamba, yenye i5-8500 na ramu (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8. Shilingi 480,000. Ilikuwa mwisho wa Aprili 2024. Ikaja mvua, kikaja kimbunga Hidaya tarehe 4 Mei, barabara ikakatika Somanga. Mzigo wangu ukalala Dar zaidi ya wiki huku bwana harusi wa Mikindani ananitumia salamu za asubuhi kila siku.

Ilipofika haikuwaka. Feni inazunguka, skrini nyeusi. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta namba ya muuzaji, fundi akanishika mkono. Akaichomoa ramu, akaigeuzia kwenye mwanga wa mlango. Yale meno ya dhahabu yalikuwa na ukungu wa kijani, mwembamba, kama wa sufuria ya shaba. Akaazima ufutio wa shule wa mwanangu, akayasugua taratibu kuelekea upande mmoja, akapuliza, akairudisha mpaka ikalia *ka*. Ikawaka. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani, na sasa nalifanya hilo mwenyewe kila baada ya miezi michache.

Kilichobaki kilikwenda hivi: ramu nyingine ya GB 8, 60,000, ili ziwe mbili zinazofanana, maana mbili zinasomwa kwa pamoja na grafiki ya ndani inakula ramu hiyohiyo. SSD ya NVMe, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 500, 120,000, ya Windows na kazi inayoendelea. Diski ya nje ya TB 2, 190,000, kwa sababu saa moja ya 4K yangu ni GB 45, na harusi haiishi kwa saa moja. Monita ya mtumba ya inchi 24, ya IPS, aina inayoonesha rangi kwa uaminifu, 200,000. Wengi wanaidharau monita. Mimi nilishampa mteja video ambayo bibi harusi alikuwa wa njano kama papai bivu, kwangu skrini ikinionesha yuko sawa.

Na UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, 150,000. Gesi inachimbwa Msimbati, hapo tu, lakini umeme ukiamua kwenda unakwenda, na huwa unaamua renda, kule kutoa video iliyokamilika, ikiwa asilimia tisini.

Klipu zikizidi tabaka mbili natengeneza proksi za 720p, nakala nyepesi za kueditia, nakwenda kupika ming'oko, nikirudi ziko tayari. Harusi yenye urefu wa saa tatu sasa naimaliza kwa siku nne za kukaa.

Nafasi ya kadi bado iko tupu. Kijana wa Magomeni alinipigia juzi, anaiuza ile kadi yangu ya zamani, bei ya kaka na dada. Nikamuuliza kama bado inataka ule waya wa pini sita. Akasema ndiyo. Nikamwambia aendelee kuchezea mpira.