Kabla mwanafunzi wa ng'ambo hajafika Lamu

Anayekuja Lamu kujifunza Kiswahili huishi na familia, na mimi humkutanisha na wenyeji wake kwa intaneti wiki sita kabla hajapanda ndege. Kinachovuruga zaidi ni saa, wala si mtandao.

Nilikuwa nikimwachia mwanafunzi wa New York apange: saa sita mchana kwake. Januari hiyo ni saa mbili usiku Lamu. Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, kikao kikaangukia saa moja, Isha ikaadhiniwa katikati ya mazungumzo. Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo, basi kundi lenye watu wa Boston na Berlin hupotezana wiki mbili au tatu. Sasa nafunga saa ya Lamu, saa mbili na nusu usiku mwaka mzima, Isha imeshaswaliwa. Wahame wao. Naandika pia 20:30, maana mgeni akisoma "saa mbili usiku" huelewa saa nane.

Picha tunawasha dakika 10 za mwanzo watu waonane, kisha tunazima. Laini ikielemewa, sauti hukatika vipandevipande, na silabi moja ikimezwa mwanafunzi hajui kama alisikia "alinipa" au "alikupa".

Stima ikipotea, ruta ya volti 12 naiendesha kwa pawabanki ya mAh 10,000 kupitia waya unaopandisha volti 5 hadi 12. Ruta ya wati 8 hupata kama saa tatu. Waya usiopandisha volti hauiwashi.

Siku zisizo na kikao, mama wa nyumba humtumia ujumbe wa sauti wa sekunde 30 hadi 40, na namsihi asisanifishe Kiamu chake, lahaja ya Lamu. Darasani mgeni alifundishwa macho na njia. Hapa atasikia mato na ndia. Akiambiwa "Ndoo, mwanangu," yaani njoo, asiende kutafuta ndoo ya maji. Hujibu kwa sauti pia. Maandishi siyakubali, kwa kuwa programu ya kutafsiri itamjibia.

Wiki ya sita ujumbe ni wa safari: ndege inatua Manda, boti inavusha hadi gatini Lamu, mzigo uwe wa kubebeka kwa mkono kwa sababu vichochoro havipitiki kwa gari. Akiweza kuyaeleza hayo kwa maneno yake bila kusoma, nasimamisha vikao.