Hatua ya Kwanza ya Mafunzo ya Bardon: Nilivyoivuka

Anayefungua kitabu cha Franz Bardon cha mafunzo ya elimu ya siri akitafuta dawa ya utajiri au njia ya kumkomesha adui, huonywa mapema kabisa kwamba atakiweka chini kwa kuvunjika moyo. Hapo ndipo mimi nilipovutiwa. Huku kwetu elimu ya siri tumeizoea ya kununua: hirizi, kombe, mafusho, unalipa kisha unangoja. Bardon, aliyezaliwa 1909 karibu na Opava, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, hamwahidi mtu kitu asichokitolea jasho mwenyewe. Alipata kufanya maonyesho jukwaani kwa jina la Frabato, akatibu watu kwa tiba asilia, akafia kizuizini mwaka 1958, miaka miwili tu baada ya kitabu chake cha mafunzo kuchapishwa kwa Kijerumani.

Mafunzo yenyewe yana hatua 10, na kila hatua ina mazoezi ya akili, ya nafsi na ya mwili. Huruhusiwi kukimbilia moja ukaacha mengine, wala kurukia hatua ya tano kwa sababu ndiyo inayokusisimua. Mimi ni fundi cherehani, nafungua kibanda asubuhi na kukifunga usiku, kwa hiyo swali langu la kwanza lilikuwa muda. Nilichagua alfajiri, kabla nyumba haijaamka.

Zoezi la kwanza la akili lasikika jepesi: keti, fumba macho, yatazame mawazo yako yanavyopita bila kuyafuata wala kuyafukuza. Unaanza na dakika 5, unaongeza kidogo kidogo hadi 10. Yanakuja madeni, kitambaa cha mteja, maneno uliyoambiwa mwaka juzi. Baada ya hapo unashika wazo moja tu na kukataa mengine yote, na mwisho unaiacha akili tupu, bila wazo lolote, nayo kwa dakika 10. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote ya akili. Kilichonisaidia ni sehemu ya zoezi inayofanyika mchana: ukiwa kazini, fikiria kazi tu. Nikikata suti, nafikiria suti. Kwa fundi hilo lina faida hapohapo, maana mkasi haumsubiri mtu aliyezama kwenye mawazo. Nilipozoea kulifanya mchana kutwa, zoezi la alfajiri likaanza kunyooka.

Lakini uzito wote wa hatua hii, kwa maoni yangu, uko kwenye vioo vya nafsi. Unachukua daftari, unaandika kasoro zako zote, hata zile ambazo hungependa Mungu akukumbushe. Hicho ndicho kioo cheusi. Kisha kila kasoro unaipeleka kwenye asili yake, moja kati ya nne, yaani moto, hewa, maji na udongo: hasira na wivu ni moto, majisifu na umbea ni hewa, kutojali na kuyumbayumba ni maji, uvivu na huzuni ya kujitakia ni udongo. Halafu unazipanga tena kwa ukubwa, zinazokutawala, zinazokujia mara chache, na zile ndogondogo. Kioo cheupe kinafuata, cha sifa njema, kwa utaratibu uleule.

Nilidhani ningemaliza kwa jioni chache. Kila nilipofunga daftari, kesho yake dukani lilizuka jipya. Jirani yangu fundi akipata tenda ya sare za shule, moyoni najibiwa na kijicho kabla sijampa hongera. Naandika: moto, kundi la kwanza. Mteja akichelewa kulipa nikamsema kwa wenzangu, naandika: hewa.

Mama ndiye aliyeligundua daftari. "Mwanangu, haya unayoamka nayo usiku si mambo ya kichawi?" Nilimsomea orodha yote, kwani sikuona njia nyingine ya kumtoa hofu. Akanyamaza, kisha akasema, "Na kinyongo je? Mbona hukukiandika?" Nilikiandika palepale mbele yake. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena, na kusema kweli sikupata msaada mkubwa kuliko ule. Kasoro inayokutawala sana ndiyo usiyoiona, na aliyekulea anaiona.

Ya mwili sitayarefusha. Kujisugua ngozi kwa brashi kavu hadi iwe nyekundu kidogo, kujimwagia maji baridi, mazoezi ya viungo. Kupumua huku unaona unavuta afya au utulivu pamoja na hewa, kuanzia pumzi 7 asubuhi na 7 jioni. Chakula nacho unakitia nia kabla ya kukila, kisha unakila kwa makini. Kwa aliyezoea kusema bismillahi na kuomba dua mezani, hili halihitaji mwalimu. Bardon mwenyewe anasema mtu wa dini yoyote anaweza kufuata mafunzo yake.

Sasa niko hatua ya pili. Nimetengeneza uzi wenye mafundo 40 kutoka kwenye nyuzi za dukani, kama anavyoelekeza, wa kuhesabia sentensi ninayojiambia kabla ya kulala. Sentensi lazima iwe ya wakati uliopo, wala isiwe ya kukanusha. Badala ya "sitamwonea wivu" nasema "nafurahia riziki ya mwenzangu," fundo baada ya fundo, mpaka usingizi unichukue. Asubuhi naweka mkasi mbele yangu, nautazama, nafumba macho na kujaribu kuuona vilevile kwa dakika 5: mpini mweusi, skrubu, makali. Picha ikipotea nasogeza fundo moja. Mpini ndio umekubali kukaa, makali bado yanaponyoka. Yakitulia, nitaingia zoezi la kusikia, ambalo naona nitalianza na mlio wa saa ya ukutani.