Ami alisoma anwani ya seva akaona saa

Seva arubaini ni korija mbili. Hesabu hiyo si yangu, ni ya Ami. Nilipomwambia nina mashine arubaini za kuandikisha wiki hii alijibu palepale, "Korija mbili basi." Babake alikuwa karani wa boriti, ile miti ya mikoko ya kujengea, na nyumba yao nzima ilikua ikihesabu kwa ishirini. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila unene na korija yake, na ole wake karani atakayechanganya mazio na boriti, maana mnunuzi hakubali hata kidogo.

Mashine zenyewe haziko Lamu. Ziko Mombasa, kwenye kituo cha data, raki mbili, ishirini kila moja, zimepangwa na fundi ambaye tunajuana kwa simu tu. Mimi niko Langoni, mtaa wa Lamu, orofani, na ruta yangu imekaa ndani ya kidaka kama bakuli la kaure la zamani. Kuta hizi za mawe ya matumbawe ni baridi tamu mchana, lakini mawimbi ya intaneti hayazipenyi, kwa hiyo nafanya kazi chumba kilekile chenye kidaka. Stima ikikatika sina wasiwasi sana. Kazi inaendeshwa kwenye kompyuta ya hukohuko Mombasa. Mimi nikipotea, yenyewe inaendelea.

Kila seva ya aina hii ina kijikompyuta ndani yake kiitwacho BMC, chenye mlango wake wa mtandao. Hata seva ikiwa imezimwa, madhali waya wa umeme umechomekwa, BMC iko macho. Unaiambia iwashe, izime, au iiwashe seva kwa mfumo unaotoka kwenye mtandao. Ironic, ile sehemu ya OpenStack (mkusanyiko wa programu za kuendesha kompyuta nyingi kwa pamoja) inayosimamia mashine halisi, hutaka kujua mambo machache tu kuhusu kila seva: jina, dreva (kwetu ni ya IPMI, lugha ya kuzungumza na BMC), anwani ya BMC, mtumiaji na nenosiri lake, na anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Unaweza kuziandikisha moja moja. Mwaka jana nilifanya hivyo kwa seva sita, na ya nne nikaipa nenosiri la ya tano. Safari hii nilisema hapana: faili moja la YAML (maandishi ya kawaida, kila neno na thamani yake), amri moja, `openstack baremetal create seva.yaml`, na zote arubaini ziingie daftarini.

Fundi alinitumia jedwali la Excel. Nikaligeuza CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, nikaandika skripti fupi ya Python ya kuzalisha faili. Maktaba ya kuandika YAML ipo, na naijua, lakini nilikuwa na haraka, nikajiunganishia maneno mwenyewe: neno, nukta mbili, nafasi, halafu chochote kilichokuwa kwenye CSV. Lilitoka faili zuri, limenyooka, hata nikalipiga picha.

Nikatoa amri baada ya sala ya alfajiri. Seva thelathini na tisa zikaingia na kadi zao. Seva ya ishirini na saba ikaingia bila kadi, na chini kabisa kukawa na lalamiko: ilitakiwa anwani ya MAC, imepokelewa 16171315538.

Nikaitafuta namba hiyo kwenye faili. Haimo. Kwenye CSV, haimo. Nikafungua Excel, maana Excel ina tabia mbaya na tarakimu ndefu, nayo pia haimo. Tarakimu kumi na moja zimetoka hewani! Nilianza kudhani ni namba ya simu ya mtu imejipenyeza mahali. Nusu saa nzima nilikuwa nikiitafuta namba ambayo hakuna aliyeiandika.

Ami alipanda ngazi na mahamri yake kwenye karatasi. "Yeo hujanywa hata chai, mwanangu." Nikamwambia kuna mashine moja imenikataa. Yeye aliendesha mashua ya abiria ya Mokowe miaka mingi, na mtu wa mashua hapendi kusikia kitu kimekataa bila yeye kukitazama. Akavaa miwani, akainama kwenye skrini. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

`address: 20:47:47:12:05:38`

"Hii ni saa," akasema. "Saa tatu kasoro dakika kumi na tatu, usiku. Hizi za nyuma ndizo sijui za nini."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Anwani ya MAC ni jozi sita za tarakimu za msingi wa kumi na sita, kwa hiyo karibu kila mara huwa na herufi A hadi F mahali fulani. Hii haikuwa na herufi hata moja, haikuanza na sifuri, na kila jozi baada ya ile ya kwanza ilikuwa chini ya sitini. YAML toleo la 1.1 ina kanuni ya kusoma kitu cha namna hiyo kama hesabu ya msingi wa sitini, yaani saa, dakika na sekunde, ikarefushwa tu. Toleo la 1.2 liliiondoa kanuni hiyo mwaka 2009, lakini PyYAML, maktaba inayotumika sana kwenye Python, bado inafuata 1.1. Nikaketi nikaihesabu: 20 mara 60 kwa kipeo cha tano, jumlisha 47 mara 60 kwa kipeo cha nne, na kuendelea hadi ile 38 ya mwisho. 16171315538, barabara. Kompyuta ilisoma vilevile alivyosoma Ami, tofauti ni kwamba Ami alikiri za nyuma hazijui.

Dawa yake ni alama za kunukuu pande mbili za anwani, ili isomwe kama maandishi, si hesabu. Nikaziweka, nikamwandikia seva ya 27 kadi yake, nikanywa chai.

Ila kuandikishwa ni hatua ya kwanza tu. Baadaye unaiambia Ironic izisimamie, nayo inabisha hodi kwenye kila BMC kwa nenosiri ulilolipa. Mbili zikagoma. Nikasema ni waya, kwa uhakika kabisa, nikampigia fundi akazitazame, naye akavuka Mombasa na jua lile.

Haikuwa waya. Fundi alizipa BMC manenosiri ya tarakimu nane tupu (tumeshayabadilisha, usihangaike). YAML ileile ya 1.1, ikikuta namba inayoanza na sifuri na isiyo na 8 wala 9, huisoma kwa msingi wa nane. Andika 01234567 bila kunukuu, kitakachofika upande wa pili ni 342391. Manenosiri yaliyoanza na tarakimu nyingine yalipita salama kwa bahati tu. Kosa hili ndilo lililonichoma zaidi ya lile la kwanza, kwa sababu halikulalamika wakati wa kuandikisha. Liliingia kimya na kuketi daftarini kama mazio ndani ya korija ya boriti.

Utasema, si ungetumia JSON, ule muundo mwingine wa faili za namna hii? Ni kweli, JSON ingenilazimisha kunukuu. Lakini faili lile hulisoma mimi na fundi, naye hapendi mabano. Nilichofanya ni kuifuta skripti yangu na kuiachia `yaml.safe_dump` iandike. Yenyewe inajua maneno yapi yanafanana na namba, na huyanukuu bila kuambiwa.

Kufikia adhuhuri zote arubaini zilikuwa tayari kupewa kazi. Ami akauliza kama wananilipa kwa korija au kwa siku. Nikamwandikia fundi kwamba waya ni nzima, tatizo lilikuwa kwangu, na samahani kwa safari.

Akajibu kwamba nyaya zote mbili ameshazibadilisha.