Kumwimba Audrey Hepburn: kumbukumbu ya mradi wangu, mwezi wa pili

Nilipoanza mradi huu nilijiwekea kazi moja: kujifunza nyimbo tatu kama Audrey Hepburn, mwigizaji wa filamu, alivyoziimba mwenyewe, pumzi kwa pumzi, kisha nizirekodi kwa gitaa na sauti yangu. Wa kwanza umekamilika. Wa pili ndio ulioniweka macho wiki nzima. Wa tatu nitausemea mbele kidogo.

Kwa wageni: naimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu nikiwa kidato cha pili. Sauti yangu ni ndogo, ya chini, ina upepo mwingi. Miaka yote nimekuwa nikiambiwa "ongeza sauti, dada." Siku niliyomsikia Audrey akiimba dirishani nilisimamisha filamu nikairudisha nyuma mara nne. Huyo alikuwa na sauti kama yangu, na hakuna aliyemwambia aongeze.

Wimbo huo ni "Moon River", wa filamu ya Breakfast at Tiffany's ya mwaka 1961. Henry Mancini aliutunga kwa ajili yake hasa. Alikuwa ameshamsikia akiimba katika filamu ya Funny Face ya 1957, akajua sauti ile inafika wapi na inaishia wapi, akamkatia wimbo kama fundi anavyokata gauni kwa mwili wa mwenye gauni: oktava moja (kutoka do hadi do ya juu) na noti moja tu. Maneno ni ya Johnny Mercer. Audrey amekaa dirishani, kichwani amejifunga taulo, gitaa mapajani.

Niliuandika kwa solfa kwenye daftari la kwaya. Unaanza so, unaruka hadi re ya juu, unashuka do. Mruko huo ndio mtihani. Waimbaji wengi wakifika kwenye ile re wanaing'ang'ania, wanaipamba, wanaitikisa. Audrey anaigusa na kuiachia, kama mtu anayejaribu pasi kwa kidole kuona kama imepata moto. Nilihitaji jioni tisa kuipata hiyo. Kila nilipofika pale koo lilitaka kusukuma, kwa sababu ndivyo lilivyofundishwa. Jioni ya tisa nikaimba nimelala chali, mkono tumboni, nikaacha kusukuma, ikaja.

Kuna jambo kuhusu wimbo huu linaloniuma. Ulishinda Oscar ya wimbo bora, lakini santuri ya muziki wa filamu iliyotoka 1961 haikuwa na sauti ya Audrey hata kidogo. Waliweka kwaya na ala. Sauti yake ilikuja kuwekwa kwenye albamu baada ya yeye kufariki tarehe 20 Januari 1993. Miaka zaidi ya 30, wimbo uliotungwa kwa kipimo cha koo lake ulikuwa ukiuzwa bila koo lake.

Sasa wimbo wa pili, "Wouldn't It Be Loverly", wa filamu ya My Fair Lady ya 1964.

Hapa lazima nieleze kidogo. Audrey alianza maisha ya sanaa kwa ballet, akacheza kwenye kundi la wacheza dansi wa maonyesho ya muziki London mwishoni mwa miaka ya 1940. Muziki haukuwa kitu cha pembeni kwake. Kampuni ya filamu ya Warner Bros. ilipompa nafasi ya Eliza Doolittle, mhusika mkuu wa filamu hiyo, kwa dola milioni 1, alichukua mwalimu wa sauti, akafanya mazoezi, akarekodi nyimbo, akiamini zitatumika. Kisha akaambiwa karibu zote zitaimbwa na mwimbaji Marni Nixon, yeye aigize tu mbele ya kamera. Siku hiyo aliondoka kazini. Kesho yake alirudi, akawaomba radhi wote.

Hiyo ya kurudi na kuomba radhi siwezi kuipita haraka. Aliyeumizwa ndiye aliyeomba radhi.

Simlaumu Marni Nixon. Alikuwa fundi wa hali ya juu; ndiye aliyeimba badala ya waigizaji Deborah Kerr katika The King and I na Natalie Wood katika West Side Story, na kwenye My Fair Lady jina lake halikuandikwa mahali popote. Uamuzi mmoja wa ofisini uliwafuta wanawake wawili: mmoja sauti, mwingine jina. Filamu ilichukua Oscar 8, Audrey hakupata hata uteuzi.

Rekodi zake za majaribio hazikupotea, na baadhi zilitolewa baadaye pamoja na DVD ya filamu. Nimeziweka upande mmoja, za Nixon upande wa pili, nikavaa hedifoni. Nixon anaimba kwa usafi wa kioo. Audrey anakwaruza, noti mbili tatu za juu zinamponyoka, sikatai. Lakini Eliza ni muuza maua wa mtaani anayeota chumba chenye joto, na ni kwa Audrey tu nasikia baridi yenyewe.

Kisha nikafanya zoezi nililolipenda kuliko yote: kutafuta mshono. Katika "Just You Wait", wimbo mwingine wa My Fair Lady, walibakisha sehemu za Audrey. Mwanzo, pale kwenye hasira, ni yeye. Wimbo unapolainika na kupanda, anaingia Nixon. Hasira ikirudi, Audrey naye anarudi. Ukisikiliza kwa spika za televisheni hupati kitu. Kwa hedifoni, usiku, unasikia hata chumba kinabadilika: sauti ya kwanza iko karibu na meno, ya pili iko mbali kidogo na imeoshwa. Nimeweka alama ya penseli nyekundu kila mahali wanapopokezana.

Kurekodi: nimeegemeza godoro ukutani, nikafunga dirisha, nikasubiri hadi saa tano usiku bodaboda zipungue. "Moon River" nilichukua mara kumi na saba, nikabakisha ya sita. Mama mdogo alisikiliza, akakaa kimya, kisha akasema, "Mbona hujawahi kuimba hivi kanisani?"

"Wouldn't It Be Loverly" bado. Noti ya juu inanikatikia palepale inapomkatikia yeye. Wiki iliyopita nilikuwa nafikiria kuushusha wimbo toni moja ili nipite salama. Nimeamua nisiushushe. Nitaurekodi Jumamosi kwenye kimo chake, na wa tatu, "How Long Has This Been Going On?" anaouimba peke yake kwenye duka la vitabu katika Funny Face, nitauanza Jumapili baada ya ibada.