Pumu ya ngozi: mi nilivyokuwa naoga ndo ilikuwa shida

Hii pumu ya ngozi, wengine wanaiita ekzema, ninayo toka nipo darasa la tano, kwenye mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti, na pale nyumbani Isevya kila mtu alikuwa na jina lake, mama mkubwa anasema damu chafu, jirani anasema fangasi, mwingine ndo akamaliza kabisa eti nimetupiwa. Nimepakwa mpaka asali, si tuko Tabora bwana, ikaishia kunata kwenye shuka na sisimizi wakapata sherehe.

Kosa kubwa nililifanya ukubwani, krimu ya kuchanganya, ile ya kwenye kikopo hata lebo hakina. Siku nne tu ngozi laini kama ya mtoto mchanga, nikashangilia weee, ila nikiacha inarudi kwa hasira, na ngozi ya pale ikawa nyembamba hadi vimishipa vinaonekana. Baadae ndo naambiwa nyingi ya zile zinatiwa steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe ambazo zikizidi zinaharibu ngozi.

Nilipokuja kwenda kliniki ya ngozi yule dada wala hakuanza na dawa, akaniuliza unaogaje? Nikamwambia maji ya moto, sabuni ya mche, dodoki, nasugua mpaka nisikie raha. Akacheka. "Sasa dada yangu si unajichuna mwenyewe." Akanielewesha kwamba ngozi zetu sisi wenye pumu hii hazishiki maji vizuri, zinakauka haraka na kila kitu kinaziudhi, pumu yenyewe haiambukizi, na inatembea kwenye familia pamoja na pumu ya kifua na mafua ya aleji, nikakumbuka mdogo wangu na inhela yake.

Basi sikuhizi naoga dakika tano hivi, maji ya uvuguvugu, sabuni isiyonukia tena sio mwili mzima, dodoki nikalitupa. Najikausha kwa kubonyezabonyeza na kanga kuukuu, sisugui, halafu nikiwa bado nna unyevu nachota mafuta ya mgando yale ambayo hayana harufu najipaka hukohuko bafuni, bafu letu lipo uani kwahiyo kopo linakaa juu ya tofali. Ukisema ngoja nifike chumbani kwanza, mara simu, mara mtoto anaita, ngozi ishakaza umechelewa. Jioni narudia, na miezi ya sita na ya saba ule upepo mkavu ukianza hata mchana napaka.

Ikilipuka ndo natumia haidrokotisoni ya asilimia 1, hii nayo steroidi ila ni nyepesi, siku chache tu kama nilivyoelekezwa, mstari wa dawa toka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza unatosha eneo la viganja viwili. Na sisi weusi usisubiri wekundu jamani, kwangu inaanza kijivujivu, ina vipele, inawasha, ikipoa inaacha baka jeusi la miezi.

Mi fundi cherehani, vitenge vipya vile vyenye dawa vilikuwa vinaniwasha mno, sasa navifua kwanza mteja akinuna anune. Kucha fupi. Usiku ikiwasha naweka kitambaa cha maji baridi badala ya kukuna, japo kuna siku nashtuka nimeshakuna kitambo.

Imebaki kesi ya mume wangu tu, analalamika shuka zote zina mafuta, nimemwambia anunue za kahawia.